Kapeti la Fundi Peku

"Hili si kapeti, shemeji, hili ni godoro. Umemshonea dereva au mgonjwa?"

Alilibwaga juu ya meza yangu ya kukatia, juu kabisa ya ngozi niliyokwisha kuipiga chaki, akasimama mlangoni mwa kibanda changu akipumua kwa pua. Mguu wa kushoto ulikuwa na kiatu. Wa kulia ulikuwa mtupu, mweusi kwa vumbi la gereji, na kiatu chake amekikamata mkononi kama mtu aliyekuja kupiga mtu. Hakuja kupiga mtu. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, mguu mmoja umevaa na mwingine peku, hata jina alilopewa na mama yake likasahaulika, likabaki hili la Fundi Peku.

"Toa godoro lako juu ya ngozi yangu," nikamwambia. "Chaki ikifutika utaichora wewe?"

"Breki haisikiki. Nakanyaga, kimya. Narudia, kimya. Kisigino changu kimekaa juu ya mto wako, nitasikia nini?"

"Kapeti liko chini ya kisigino, pedali iko mbele ya vidole. Tangu lini unakanyaga breki kwa kisigino?"

"Wewe shona. Mambo ya breki niachie mimi."

"Na mambo ya kapeti niachie mimi! Kitambaa ni kilekile, sponji ni ileile, uzi ni uleule niliokushonea tangu mdogo wangu yuko hai. Hujawahi kusema neno."

"Basi leo nasema. Fumua."

Nikafumua. Nilifanya hivyo kwa ajili ya mwenye gari, maana mteja hana kosa la kusubiri watu wazima wawili wamalize kugombania sponji. Nikaitoa sponji yote, nikairusha juu ya rafu, nikashona upya kitambaa kitupu, chembamba hata ukikiweka juu ya gazeti unasoma. Kabla jua halijageuka alikuwa amerudi.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Bado haisikiki."

"Kwa hiyo si kapeti."

Akakuna shingo.

"Sema samahani," nikamwambia. "Neno moja tu. Halichomi mdomo."

"Nitasema nikijua kosa ni la nani."

"Haya. Nakudai samahani moja. Usijifanye umesahau."

"Kadai mahakamani," akasema, akaenda zake, kisigino kimoja kikigonga sakafu na kingine hakitoi sauti.

Niwaeleze alikuwa nani, maana ukimsikia akifoka hivyo utadhani ni mtu wa ovyo. Alimuoa mdogo wangu. Mdogo wangu alipofariki, watu wakasema huyu bwana sasa atahamia kwingine, atajipatia mwingine. Hakuhama, wala hakujipatia mtu. Alibaki gereji ileile na chumba kilekile, nguo za mke wake zikiwa bado nyuma ya mlango, na mchana akawa anakuja kula kwangu, kwa kuwa nashona viti na makapeti ya magari ukuta mmoja na gereji yao, na kwa kuwa hakujua kupika hata chai. Kila mchana alilalamikia chumvi, na kila mchana sahani ilirudi imelambwa. Mimi nilimwambia mdogo wangu alikufa kwa kuchoshwa na malalamiko. Yeye akanijibu kwamba angenioa mimi angekufa yeye. Tukicheka hivyo, siku inapita. Watu waliofiwa na mtu mmoja wanajua ninachosema.

Kazi yake ilikuwa breki, basi. Matatizo ya injini hakuyagusa, na rangi hakuitaka. Aliyemfundisha alimvua kiatu siku ya kwanza, akamwambia kiatu ni ukuta. Akamkalisha kwenye kiti cha dereva, akamfumba macho, akamkanyagisha pedali: sema, pedi zimekwisha au bado? Diski imepinda? Hewa imeingia kwenye bomba? Akikosea anarudia. Basi akakua hivyo, mtu anayesikia gari kwa unyayo. Mdogo wangu alikuwa akinisimulia kwamba hata kitandani, lori likipita barabarani, mumewe angesema, "Huyo breki zake za nyuma zimeshika," kisha akalala.

Halafu magari yakabadilika, zikaja breki za kompyuta. Mimi nimeishia darasa la saba na mambo haya nimeyajua kwa kuyasikia kila mchana, sahani ikiwa katikati yetu, kwa hiyo nitayasema nilivyoyaelewa. Ukikanyaga breki kwa nguvu, tairi linataka kuganda, lisizunguke tena. Likiganda, gari linateleza na usukani haukutii. Sasa kompyuta ikihisi tairi linataka kuganda, inaachia breki kidogo, inashika, inaachia, inashika, upesi kuliko unavyoweza kuhesabu. Na wakati inafanya hivyo, pedali inadunda chini ya mguu wako kama kitu chenye uhai.

Kwa barabara ya kawaida kompyuta hiyo imewekewa woga. Inaachia mapema, kwa sababu inamdhania dereva ni mjinga, na mara nyingi imepatia. Lakini kuna watu wana magari yenye nguvu, wanayapeleka uwanja wa mbio siku za mapumziko, wanayakimbiza kuzunguka mpaka moyo wao utulie. Kule matairi ni ya kunata na dereva anajua anachotaka. Kompyuta ikiwa na woga kule, gari linafika kwenye kona huku breki bado inaachia na kushika, nalo linaendelea kwenda wakati wewe unataka lisimame. Ukiiondolea woga wote, tairi linaganda na kusagika upande mmoja. Fundi anatakiwa aipunguzie woga kwa kiasi, ibakize kidogo tu. Wengine wanakitafuta kiasi hicho kwa kusoma mistari kwenye skrini. Peku alikitafuta kwa kuvua kiatu. Alikuwa akibadilisha kitu kwenye kompyuta, anakwenda kukanyaga, anasikiliza mdundo umeanza wapi na una nguvu gani, anarudi, anabadilisha tena. Na waendesha mbio walimwamini.

Gari lile la kapeti lilikuwa la mwenye duka la dawa pale kwenye kona, mwanamke mrefu, mkimya, aliyekuwa akiuza dawa za kikohozi wiki nzima na mwisho wa wiki akivaa helmeti. Gereji nzima ilimwita Dokta. Kila siku alituambia yeye si daktari, na kila siku tulimjibu, "Sawa, Dokta."

Na gari hilo lilikuja wakati mbaya. Tajiri wa gereji alikuwa ameshanunua mashine ya kupimia, ile inayofungwa kwenye gari na kuchora mistari. Siku iliyofungwa, alimwita Peku mbele ya kila mtu. Nilikuwapo, nimeshika viti vya watu.

"Mzee, tusizungukane," Tajiri akasema. "Nimetoa fedha nyingi. Gari la Dokta litengeneze unavyojua wewe. Likifanya vizuri siku ya mbio, sehemu ya breki ni yako mpaka uchoke mwenyewe. Likifanya vibaya, breki nitaiachia mashine, na wewe utakwenda kubadilisha oili na wenzako."

"Oili?" Peku akasema, kama mtu aliyetukanwa.

"Oili."

Hakula mchana ule. Alikunywa maji tu. Alikuwa ameanza kunywa maji kama ng'ombe, jagi zima linakwisha, na kila baada ya muda mfupi anainuka kwenda nyuma ya ghala.

"Tangi linavuja, shemeji," nikamtania.

"Mhudumie mteja wako, uache kuhesabu safari zangu."

Dokta mwenyewe alimwona siku moja akigugumia maji, akamwambia kwa upole, "Fundi, pita dukani kwangu nikupime sukari. Ni tone moja tu la damu."

"Gari likiisha," Peku akajibu.

"Gari na damu vinahusiana wapi?"

"Nimesema gari likiisha, Dokta."

Siku ya tatu ya ugomvi wa kapeti walikwenda kulijaribu gari kwenye kiwanja kitupu nyuma ya maghala. Nilikwenda nao, kapeti langu likiwa kwapani, maana nilikuwa nimeapa nitalifunga mwenyewe ili asiseme tena nimekosea. Dokta alikimbiza gari mpaka vumbi likapanda, akafunga breki, gari likasimama mbali kuliko nilivyotegemea. Akashuka.

"Fundi, inadunda mno. Nikigusa tu pedali, inadunda. Gari linaendelea kuteleza mbele. Juzi lilikuwa linasimama vizuri kuliko leo."

"Juzi breki ilikuwa kimya kabisa," Peku akasema. "Kompyuta ilikuwa imelala. Nimeiamsha kidogo."

"Haikuwa kimya."

"Ilikuwa kimya, mama. Nimekanyaga mwenyewe."

"Na sasa?"

Peku akaingia, mguu mtupu, akalikimbiza, akakanyaga. Sisi tuliokuwa nje tuliona tairi za mbele zikitetemeka, zikishika na kuachia. Alikanyaga hivyo mara kadhaa, akarudi, uso umekunjamana.

"Bado ni kidogo mno. Haidundi."

Dokta akanitazama. Mimi nikatazama pembeni, maana ningesema nini? Yeye ni fundi, mimi ni mshona kapeti.

"Fundi," Dokta akasema, "mimi nahisi inadunda kama ngoma."

"Umevaa viatu," akamjibu. "Mwenye viatu anasikia kelele. Mimi nasikia breki. Umenikabidhi magari mangapi?"

"Mengi."

"Nimewahi kukuangusha?"

"Hujawahi."

"Basi."

Na kweli hajawahi kumwangusha. Hapo ndipo neno lilipokwisha. Akaketi na kompyuta yake juu ya boneti, akaiongezea breki woga, akaufunga mpangilio ili Dokta asije akaubadilisha kwa ile swichi ya kwenye usukani katikati ya mbio. Nikafunga kapeti langu. Nilipoinama niliona doa pale kisigino cha kulia kinapokaa, la rangi ya kutu, bado lina unyevu.

"Shemeji, hii nini?"

"Grisi."

"Grisi nyekundu?"

"Mwanamke huyu! Funga kapeti twende."

"Nionyeshe huo mguu."

"Nilikuonyesha mguu siku ya kumposa mdogo wako, ukasema ni mchafu. Umeshauona."

Dokta akacheka, nami nikacheka, mtu angefanyaje? Akaufuta mguu kwenye suruali na kuingia garini.

Siku ya mbio ilikuwa ya jua kali. Hakuna kivuli uwanjani kule, ila paa la bati pale wanapokaa mafundi, nalo linachoma kuliko jua. Lami ilikuwa nyeusi, inang'aa kama imemwagiwa maji. Tajiri alikuja na miwani yake na mashine yake. Peku alifanya majaribio ya mwisho asubuhi, akashuka akasema, "Sasa nimeanza kuisikia. Kwa mbali, lakini naisikia." Uso ulikuwa umemfunguka. Akaniambia, "Jioni utakula kwa heshima, shemeji, utakuwa unakula na mwenye breki zake."

"Na samahani yangu?"

"Jioni. Yote jioni."

Dokta alizunguka mara ya kwanza polepole, kupasha matairi moto. Mara ya pili akakaza. Mwisho wa ule mnyoosho mrefu kuna kona kali, na nje ya kona wamepanga matairi chakavu kama ukuta. Tulimwona akija. Taa za breki zikawaka, mapema kabisa, mahali pale pale anapofunga siku zote. Hata mimi nilijua hapo ndipo. Lakini gari halikushuka mwendo kama ilivyopaswa. Lilikuja likitikisa pua, taa zimewaka, tairi zinashika na kuachia, zinashika na kuachia, na gari linakwenda tu, linakwenda, likaipita kona na kuingia kwenye matairi chakavu kwa kishindo.

Watu walikimbia. Nami nikakimbia, nimeishika kandambili moja, nyingine sikujua ilibaki wapi, na nilipoikanyaga ile lami nilipiga yowe. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Nikarukia majani ya pembeni. Mpiga picha mmoja aliyevaa makubazi membamba alikuwa akirukaruka kama kuku. Wasimamizi wa uwanja, wenye mabuti yao, walikuwa wameshamtoa Dokta na kumkalisha chini ya mwavuli, mkono wake wa kulia ameushika kwa wa kushoto, mdomo umekauka. Yuko hai. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Peku alikuwa katikati ya lami.

Alikuwa amekimbia hadi pale na mguu wake mtupu, na sasa amesimama mbele ya gari, amelitazama, anajisemea, "Ilikuwa inaachia. Mbona ilikuwa inaachia?" Amesimama tuli. Kwenye lami ile. Mguu wa kiatu na mguu mtupu, uzito sawa juu ya yote miwili, kama mtu aliyesimama juu ya mkeka wa nyumbani kwake.

Nikamtazama yule mpiga picha anayerukaruka. Nikamtazama shemeji yangu.

"Shemeji," nikamwita. "Huungui?"

"Nini?"

"Mguu. Lami ni moto. Huungui?"

Akainamisha macho, akautazama mguu wake muda mrefu, kama mtu anayetazama kitu cha jirani. Akauinua. Nilisikia ngozi ikibanduka. Akaukanyaga tena chini, taratibu, kwa kusudi, uso ameugeuzia pembeni, anasikiliza. Nilijua anachofanya. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maisha yake yote.

"Haidundi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Hakuna aliyejua anasema nini isipokuwa mimi na Dokta. Dokta akainuka pale chini ya mwavuli na mkono wake uliovunjika, wasimamizi wakimzuia, akaja, akapiga magoti kwenye majani.

"Fundi, njoo huku. Kaa. Nipe mguu."

Akampa. Mtu aliyenikatalia mimi siku ya ile grisi nyekundu, alimpa yule bila neno. Unyayo ulikuwa umeungua wote. Lakini chini ya kisigino palikuwa na kidonda kingine, cha zamani, kimejichimbia ndani, na katikati yake kipande cha chuma cha gereji kimekaa kama kimepanga chumba.

"Hiki kina muda gani?" Dokta akauliza.

"Hiki nini?" Peku akasema.

Hakujua kama kipo.

Hospitali walitwambia sukari ilikuwa imeshakula fahamu za mguu kwa muda mrefu, ikianzia vidoleni. Mguu ulikuwa unakufa ganzi kidogo kidogo, na kwa kuwa ulikuwa ukifa taratibu, mwenyewe alidhani ni magari ndiyo yanayonyamaza. Kapeti la kwanza, la pili, kompyuta, viatu vya Dokta, vyote vilipata lawama. Mguu haukushukiwa, maana ndio uliokuwa hakimu.

Kule gereji maneno yalikuwa mengine. Walikuwa wakisema mwanamke na mbio wapi na wapi, walisema alichelewa kukanyaga, alishtuka, mara alikuwa anatazama kioo. Tajiri naye akayabeba hayo. Alikuja hospitali na maji ya matunda, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema, "Usijali, mzee. Mashine ilikatika waya kwenye ajali, haina ushahidi wowote. Dereva ndiye aliyekosea. Ukipona, sehemu yako ya breki inakusubiri. Tutasema hivyo tu."

Nilikuwa nimekaa kwenye stuli, namenya chungwa. Kila kitu alichokuwa akikitaka shemeji yangu kilikuwa kimewekwa pale juu ya shuka.

Peku akatazama dari.

"Tajiri," akasema, "breki ilikuwa inadunda. Dokta aliniambia inadunda, nikamwambia ni viatu vyake. Mimi ndiye niliyeiongezea woga, mimi ndiye niliyeifunga. Yeye alikanyaga mahali pake. Kawaambie hivyo."

"Mzee, unajua unachosema?"

"Najua. Kawaambie wote, na wale wa uwanjani pia."

"Nikiwaambia hivyo, hakuna mtu atakayekuletea gari tena."

"Nimesema najua."

Tajiri akaondoka, maji ya matunda akayaacha. Peku akageukia ukutani. Nikamwekea chungwa kwenye kisahani, hakulila, na sikumlazimisha.

Dokta alikuja kesho yake, mkono umefungwa plasta ngumu.

"Ningeweza kukataa kuliendesha," akamwambia.

"Usingeweza. Ulikuwa unaniamini."

"Ndiyo."

"Basi hapo ndipo panaponiuma. Mguu hauniumi hata kidogo."

Akajaribu kucheka. Dokta akajaribu kumsaidia kucheka. Haikutoka.

Waliukata chini ya goti. Alipozinduka aliniuliza waliupeleka wapi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Ule ndio ulionilisha," akafumba macho, na machozi yakampita pembeni mpaka masikioni. Nikayafuta kwa ncha ya kitenge changu. Sikuwa na utani wa kumpa siku hiyo.

Akarudi kwenye chumba chake chenye nguo za mdogo wangu nyuma ya mlango. Dokta akawa anampelekea dawa na kumchoma sindano, mpaka akajua kujichoma mwenyewe. Gari lilinyooshwa, likapangwa upya kwa mistari ya mashine, na wanasema linasimama vizuri sana. Tajiri alifanya kama alivyoambiwa, akasema ukweli kwa watu, na watu wakafanya kama Tajiri alivyotabiri. Mtu mmoja mwenye huruma alimwambia Peku kwamba bado ana mguu wa kushoto. Akamjibu, "Huo ni wa klachi. Maisha yake yote umekaa ndani ya kiatu. Haujui kusikiliza."

Mchana nilimpelekea chakula mimi. Hakulalamikia chumvi. Wiki nyingi nilikuwa nikiizidisha kwa makusudi, nikisubiri, na yeye alikula bila neno. Nilikuwa nikirudi kibandani nimebeba sahani safi, nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpa.

Kisha siku moja, mvua ya manyunyu imeanza, nikasikia magongo yakigonga sakafu ya gereji, pigo, kimya, pigo, kimya. Mafundi wakaacha spana zao. Hakuwatazama. Alipita pale palipokuwa pake, ambapo sasa pamewekwa meza ya skrini, akaja mpaka mlangoni kwangu na magongo yake mawili, jasho linamtiririka.

"Ukaribishwe kwa barua?" nikamwambia. "Ingia, unalowa."

Akaketi kwenye stuli ya wateja, akayalaza magongo mapajani.

"Yananiuma kwapani," akasema. "Ile sponji uliyoitoa kwenye kapeti la Dokta, uliitupa?"

"Mimi huwa natupa kitu?"

Nikaivuta kutoka juu ya rafu, nikaipiga vumbi. Nikaikata vipande viwili, nikapima juu ya magongo yake, nikatafuta ngozi laini iliyobaki kwenye kiti cha mtu. Cherehani yangu ni ile ya zamani, ya kukanyaga kwa miguu. Nikaanza kushona. Yeye alikuwa amelaza kiganja juu ya meza, karibu na chuma cha cherehani, na mimi nikaendelea kukanyaga, sikumtazama. Ila baadaye nikaona kiganja kile hakijasogea. Alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho.

"Inadunda," akasema.

"Nini?"

"Hii yako. Mkanda umelegea. Sindano inachelewa kidogo kushuka."

"Tangu lini unajua mambo ya cherehani?"

Nikamaliza mto wa kwanza, nikauvalisha gongo. Akalibonyeza kwa vidole, upande huu na upande ule, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni nene?" nikamuuliza, mdomo mkali, maana ningeuliza kwa upole ningelia.

"Si nene," akasema. Halafu akasema, akiwa bado analibonyeza, hajainua uso: "Hata kapeti halikuwa nene, shemeji. Samahani."

Nikakata uzi kwa meno.

"Hatudaiani," nikamwambia. "Leta hilo la pili."